Dada anameza fluoksetini, ameuziwa 5-HTP. Aache ipi?

Mtoto wa Arua: Habari zenu. Dada yangu yuko Kampala, ana depresheni, daktari alimwandikia fluoksetini. Anaendelea vizuri, amerudi sokoni kuuza nguo. Sasa kuna mama anauza virutubisho kwa WhatsApp, kamwambia ugonjwa wake ni upungufu wa serotonini tu (kemikali ya ubongo), ameze 5-HTP na tairosini, aachane na vidonge vya hospitali. Makopo ameshanunua, hajafungua. Shemeji naye anamuunga mkono muuzaji. Nifanyeje?

Simsim: Dawa za hospitali zinalegeza watu. Hivyo ni vitu vya asili, muache ajaribu.

Nesi Mstaafu: Simsim, mwaka 1989 kule Marekani triptofani ilikuwa inauzwa madukani kama kirutubisho. Hiyo ni asidi amino, yaani kijenzi cha protini, iliyomo hata kwenye mayai na maharage. Watu zaidi ya 1,500 walishikwa na maumivu makali ya misuli, zaidi ya 30 wakafa, na uchunguzi ukaelekea kwenye mzigo wa kiwanda kimoja. Asili yake haikuwasaidia.

Mtoto wa Arua, sikiliza. Mwili hugeuza triptofani kuwa 5-HTP, kisha serotonini. Ile hatua ya kwanza ndiyo breki. Anayemeza 5-HTP ameshairuka. Fluoksetini nayo huzuia serotonini isirudishwe haraka ndani ya seli. Ukichanganya, serotonini inaweza kuzidi: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuhara, homa, kuchanganyikiwa. Akiona hayo ni hospitali usiku huohuo. Na asidhani kuacha leo na kuanza kopo wiki ijayo ni salama, fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa.

Halafu hilo la "upungufu wa serotonini tu" ni maneno ya biashara. Wataalamu wenyewe wanabishana kuhusu nadharia hiyo. Dawa humsaidia mgonjwa bila chanzo kuwa rahisi hivyo.

Boda wa Ntinda: Na karanga, mukene (dagaa), mayai? Asile?

Nesi Mstaafu: Ale ashibe! Triptofani ya chakula hugombea njia ya kuingia ubongoni na asidi amino nyingine, haiingii kwa kishindo. Tairosini nayo inanitia wasiwasi, kwa sababu ndiyo malighafi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na msisimko. Dada yako amewahi kupitisha siku kadhaa bila kulala, anaongea haraka, anatumia pesa ovyo, na hachoki?

Mtoto wa Arua: Mwaka juzi, ndiyo. Alinunua bidhaa za mkopo tukashangaa, usiku anafua mapazia. Tulidhani ni furaha ya duka jipya.

Nesi Mstaafu: Daktari anajua?

Mtoto wa Arua: Sidhani. Alienda na habari ya huzuni peke yake.

Nesi Mstaafu: Basi arudi wiki hii, na shemeji aende naye. Inaweza kuwa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na fluoksetini peke yake huweza kumrudisha mtu wa namna hiyo kwenye msisimko kama ule. Asiache mwenyewe, daktari ataamua. Makopo yaende naye, yakiwa yamefungwa.