Mnunuzi wa butura Kagera: adui wa mkulima wa kahawa, au benki yake pekee?

Kibanja Chetu
Wakuu, kwa wasiotoka Kagera, butura ni kuuza kahawa ingali maua au mbichi mtini. Mtu anakuja Februari na fedha taslimu, mwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani, anapokea, na uchumaji ukianza Mei kahawa ile si yake tena. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wanaikemea kila msimu, na mwaka 2018 ilipoagizwa kahawa yote ipitie AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, wengi tulidhani imekwisha. Haijaisha, inafanyika usiku tu.

Hoja yangu: marufuku inamkimbiza mnunuzi lakini haigusi kinachompeleka mkulima kwake. Shule zinafunguliwa Januari. Hapo katikati kuna sare, madaftari, mgonjwa, msiba, na palizi yenyewe inayotaka vibarua. Chama cha msingi kinamtambua mkulima siku anapofikisha gunia kwenye mizani, Februari hakimjui. Anayemjua Februari ni mtu wa butura.

Napendekeza isajiliwe. Mkataba wa maandishi mbele ya mtendaji wa kijiji, deni liandikwe kwa shilingi na si kwa magunia, kahawa ipite AMCOS kama kawaida, na mkopeshaji akatiwe chake pale pale mizanini. Semeni.

Mtoto wa Misenyi
Mleta mada, unataka kumpa mlanguzi leseni. Tuchukue mfano: mtu kapokea laki moja Februari akaahidi gunia. Julai gunia lile linauzwa laki mbili. Hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa miezi mitano! Benki ikitoza hivyo tungeandamana. Baba yangu mdogo anauza butura kila mwaka, na kila mwaka anauza kwa sababu mwaka uliopita aliuza. Mavuno yakiingia yote yanakwenda kulipa, Januari inamkuta mikono mitupu, anarudi kwa yule yule. Huyo si mkulima tena, ni kibarua kwenye kibanja cha babu yake.

Karani Mstaafu
Mwanangu, hesabu yako ni sahihi, lakini umechanganya butura mbili. Iko ya miti: mnunuzi anatazama maua, anakadiria, analipa, na kitakachozaa ni chake. Jua likikausha au ugonjwa wa mnyauko fuzari ukiingia, hasara ni yake. Huyo walau kabeba kitu, na bei anayotoa inakuwa ndogo kwa sababu hiyo. Halafu iko ya magunia: umeahidi magunia matatu, utatoa matatu hata kama kibanja kimetoa moja. Lililobaki linahamia msimu ujao na nyongeza. Hii ndiyo iliyowanyang'anya watu vibanja. Sheria ikiziweka zote kapu moja, mwenye nafuu na mnyonyaji wanajificha pamoja.

Na tusiongee kama jambo hili limeanza jana. Enzi za chama kikuu, kile kinachounganisha vyama vya msingi, mkulima alipewa pembejeo kwa mkopo na deni likakatwa kwenye mauzo. Iliwezekana kwa sababu kahawa ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Hata vyama vilipovunjwa 1976 mlango ulibaki mmoja, wa serikali, na viliporudishwa kwa sheria ya 1982 ukarudi kwao. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Bei ikachangamka, sikatai, lakini mtu alichukua dawa chamani kisha akamuuzia kahawa mwingine. Chama gani kingeendelea kukopesha hapo? Nimeshika vitabu vile, madeni yalikuwa kurasa kwa kurasa.

Sasa angalieni: 2018 mlango mmoja umerudishwa, mkopo haukurudishwa. Mkulima katakiwa awe mwaminifu kwa chama ambacho hakimpi kile kilichofanya awe mwaminifu zamani. Hilo ndilo la kuwauliza wakubwa.

Mama Karagwe
Waitu, Karani kasema. Mimi naongeza la malipo. Unapeleka kahawa, unapewa karatasi, unaambiwa subiri mnada. Ukilipwa kuna makato ya chama cha msingi, ya chama kikuu, na ushuru wa halmashauri wa asilimia 3, ambao kwa sheria ni wa mnunuzi lakini bei anayokupa ameshaupigia hesabu. Mtu wa butura hana karatasi. Mnamtukana, ila analipa papo hapo.

Mpenda Haki
Mbona mmewasahau wanunuzi wanaomuunga mkono mkulima kweli? KCU, chama kikuu cha ushirika cha Kagera, ni kati ya vyama vya mwanzo nchini kuuza kwenye soko la biashara ya haki (Fairtrade) Ulaya. Kuna bei ya chini kabisa isiyoshuka hata soko la dunia likianguka, kuna nyongeza ya senti 20 za dola kwa kila ratili, na faida ya mauzo hayo ilisaidia chama kununua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa pale Bukoba. Zaidi ya hapo, kanuni zao zinaruhusu chama kuomba malipo ya awali hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Fedha ya mapema ipo, mleta mada, bila kwenda kwa mlanguzi.

Kibanja Chetu
Ipo, lakini ya nani? Malipo hayo ya awali hupewa chama, yakifuata mkataba wa mauzo, ili kipate cha kununulia kahawa wakati wa mavuno. Hayamfikii mtu mwenye miti yake michache akiwa na mgonjwa Februari. Ulinzi wa bei nao unamfaa mwenye kahawa mkononi. Aliyekwisha kuuza maua hana cha kulindiwa, nyongeza yote inakwenda kwa aliyemnunulia.

Mtu wa Mutukula
Ng'ambo ya mpaka mkulima anamuuzia amtakaye. Bei ya kule ikipanda, kahawa ya huku inalala Uganda, muandike mikataba au msiandike.

Mama Karagwe
Nirudi kwenye mkataba wa mleta mada. Umetaja mtendaji, umetaja mkopeshaji. Mke yuko wapi? Palizi ni yake, kuchuma ni yeye na watoto, kuanika na kuanua mvua ikitishia ni yeye. Butura inauzwa na mwanaume, mara nyingi jioni, na mke anaijua siku watu wanapoingia na magunia yao kuchuma. Kama mnasajili, bila sahihi ya mke mkataba uwe batili.

Karani Mstaafu
Mama, hapo umenena. Mwenye kificho atashindwa kuuza.

Kibanja Chetu
Nakubali, iingie. Na ya magunia ifutwe kabisa, ibaki ya shilingi.

Mtoto wa Misenyi
Mimi bado. Tuseme mama kasaini, mtendaji kagonga muhuri, deni liko kwa shilingi. Aliyekopa laki moja ataandikiwa anadaiwa laki mbili. Nani kati yenu ametaja kikomo cha riba?