Naomba ushauri: mwamba usiomomonyoka kwenye modeli ya mchanga wa pwani

Habari wakuu. Nimekwama na Delft3D, programu ya kompyuta ya kuiga mwendo wa maji na mchanga. Eneo langu ni ufuo wa mchanga unaokatwa na ukanda wa mwamba. Karibu theluthi moja ya gridi (wavu wa seli, yaani vipande vidogo ambavyo modeli hukokotoa) ni jiwe tupu.

Kwenye faili la unene wa mchanga nimeweka mita 5 penye mchanga na 0 penye mwamba. Mwamba wenyewe umetulia, hauchimbiki. Tatizo liko mpakani. Seli ya kwanza ya mchanga baada ya mwamba, upande mkondo unakoelekea, inachimbika shimo la karibu mita 2 ndani ya siku chache za modeli. Najua sehemu yake ni halali: maji yanatoka kwenye jiwe yakiwa na mzigo mdogo, lazima yaokote mchanga mahali. Lakini mita 2 jamani?

Kizingiti cha unene (unene wa mchanga ambao chini yake modeli huanza kupunguza uchimbaji) nimekiacha kwenye mita 0.05 ya kawaida, na kizidishi cha mofolojia (namba inayozidisha mabadiliko ya sakafu kila hatua ili kuokoa muda) ni 20. Hapo ndipo ninapopashuku, maana hatua moja ya hesabu inaweza kukomba tabaka jembamba lote kabla kizingiti hakijaanza kubana.

Je, nipandishe kizingiti hadi 0.2 hivi, au nishushe kizidishi kwanza? Na ukwaruzo (ukinzani wa sakafu kwa maji) wa juu ya mwamba mnauweka uleule wa mchanga au mkubwa zaidi? Aliyetumia ne_layer (faili la tabaka lisilomomonyoka) ya XBeach, modeli nyingine ya pwani, kwa hali kama hii naye aseme kama shimo hilo lilimtokea.