Siku 11 nahangaika na poti za ruta, kumbe mtoa huduma ameniweka kwenye anwani ya IP ya kushirikiana

Ndugu wanajamvi,

Kwa siku 11 mtoa huduma wangu wa intaneti ameniacha nipekue ruta usiku na mchana nikitafuta kosa ambalo halikuwepo, ilhali tangu simu ya kwanza angeweza kuniambia kwamba seva yangu haifikiki kutoka nje kwa sababu anwani ya IP (namba inayonitambulisha kwenye intaneti) ninayotokea nayo si yangu peke yangu. Nina hasira, na naamini ni hasira ya haki.

Seva yenyewe ni kompyuta kuukuu niliyoiwekea Linux na Nginx (programu ya kutoa kurasa za wavuti), ili ndugu walio mbali waone picha na nyaraka za familia bila sisi kuzikabidhi kwa kampuni yoyote. Nyumbani haina tatizo: nikiandika 192.168.1.20 kwenye kivinjari, ukurasa unafunguka papo hapo. Nikizima Wi-Fi na kuwasha data ya simu, kivinjari kinazunguka kwa muda mrefu, kisha kinasema tovuti haipatikani. Niliipa seva anwani isiyobadilika, nikaielekezea poti 80 na 443 (milango ya mawasiliano ya kurasa za wavuti) kutoka kwenye ruta, nikazifungua poti hizo kwenye Linux yenyewe, na nikaliunganisha jina la kikoa na huduma inayofuatilia mabadiliko ya anwani. Majaribio yote niliyafanya kwa data ya simu, kwa kuwa ruta nyingi hazimrudishi ndani mtu anayepitia anwani ya nje akiwa nyumbani, na jaribio la namna hiyo hudanganya.

Mhudumu wa kwanza aliniagiza nizime ruta na kuiwasha. Wa pili aliniagiza niirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, nikapoteza kila nilichokuwa nimepanga. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeniudhi kuliko wote, alinishauri niiweke seva kwenye DMZ, yaani niivue kinga ya ruta na kuiachia poti zote wazi, kwa ajili ya tatizo ambalo DMZ isingeligusa hata kidogo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ruta yangu inaonyesha anwani gani upande wa WAN, yaani upande unaoelekea kwa mtoa huduma.

Usiku wa siku ya 11 niliwasha tcpdump, programu inayoonyesha kila pakiti (kipande cha data) inayofika, kwenye seva, kisha nikaanza kuufungua ukurasa kwa simu, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Skrini ilitulia tuli. Haikuingia pakiti hata moja. Ndipo nilipofungua ukurasa wa hali ya ruta na kukuta anwani ya WAN inaanza na 100.72, wakati tovuti za kuangalia anwani zilikuwa zinanionyesha namba nyingine kabisa.

Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa: watoa huduma huwapa wateja anwani hizo, kisha huwatoa wengi wao nje kupitia anwani moja ya umma. Utaratibu huo unaitwa CGNAT. Ombi linalokuja kutoka nje linaishia kwenye mtambo wa mtoa huduma, ambao haujui linamkusudia mteja yupi, na linatupwa hapo hapo. Poti nilizozielekeza kwenye ruta yangu hazikuwahi kufikiwa na chochote.

Siulaumu uhaba wa anwani unaowafanya watumie CGNAT. IPv4, mfumo wa zamani wa anwani hizi, ina anwani takriban bilioni 4.3, na akiba kuu ya IANA, taasisi inayosimamia ugawaji wa anwani duniani, iliisha Februari 2011. Ninalolaumu ni kufichwa. Mkataba wangu unataja kasi tu, na hauna hata sentensi moja inayosema kwamba mteja hataweza kupokea miunganisho kutoka nje. Nilipowabana, nilijibiwa kwamba hiyo ni kawaida kwa wateja wa nyumbani, na kwamba anwani ya umma hupewa wateja wa biashara pekee. Nikaomba basi IPv6, mfumo mpya wa anwani, ambayo ina anwani za kumtosha kila mtu na ambayo maelezo yake ya kiufundi yapo tangu miaka ya 1990. Mhudumu aliniomba nimtajie herufi hizo moja moja.

Kwa sasa nimekodi seva ndogo yenye anwani ya umma, na kompyuta ya nyumbani inaifikia kwa njia ya WireGuard, programu inayounganisha mashine mbili kwa njia iliyosimbwa (VPN). Inafanya kazi kwa sababu muunganisho unaanzia ndani kwenda nje, na kila baada ya sekunde 25 inatuma pakiti ndogo ili mtambo wa mtoa huduma usiisahau njia hiyo. Lakini ninalipa mara mbili, na picha zangu zinapitia kwenye mashine ya mtu mwingine, jambo lile lile nililokuwa ninalikwepa.

Nimewaandikia barua nikidai mambo mawili: CGNAT itajwe waziwazi kwenye mkataba kabla mteja hajatia saini, na mteja yeyote anayelalamika kwamba seva yake haifikiki aulizwe kwanza anwani ya WAN kabla ya kuambiwa afute mipangilio yake. Leo ni siku ya nne na sijajibiwa. Aliyewahi kudai anwani ya umma kwa laini ya nyumbani na akapewa, naomba anieleze aliandika nini na alimwandikia nani.