Fundi, nilikupa lenzi ya mzee uisafishe fangasi. Nani alikutuma uikereze?

Wakuu, nimekaa siku nne bila kuandika kwa sababu kila nikianza mikono inatetemeka. Leo naandika, na nitaandika yote.

Mzee wangu alisoma Moscow. Mwaka 1980, Olimpiki ilipofanyika kule, alikuwa bado mwanafunzi. Alijibana kwenye posho akanunua kamera ya Zenit-E, zile zenye nembo ya michezo ile, pamoja na lenzi yake, Helios 44-2 ya milimita 58. Namba ya lenzi inaanza na 80, na kwa lenzi za kiwanda cha Krasnogorsk, kilichotengeneza Zenit, tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka wa kutengenezwa. Aliingia nayo uwanjani siku Filbert Bayi anakimbia fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Picha ipo nyumbani hadi leo. Kaipiga kutoka juu kabisa jukwaani, wakimbiaji wanaonekana vidoa tu, lakini kila mtoto wa nyumba ile anajua Bayi ni yupi: ni kile kidoa kilicho mbele peke yake, kabla Malinowski wa Poland hajamfikia mzunguko wa mwisho. Tukapata medali ya fedha.

Kamera hiyo imekaa Tanga miaka yote kwenye mfuko wake wa ngozi, na anayejua unyevu wa Tanga anajua mfuko wa ngozi hufanya nini. Lenzi ikaota fangasi, nyuzi kama utando wa buibui upande wa mbele, kwa ndani. Kazi ya kawaida kabisa. Helios 44-2 ina vioo sita tu katika makundi manne, kundi la mbele linafunguka, unasafisha, unarudisha. Nikaipeleka Dar kwa fundi niliyeelekezwa. Nikamwambia kwa mdomo wangu: safisha fangasi, basi. Tukakubaliana elfu sitini.

Nilichorudishiwa ni hiki. Hesi za nyuma, zile zinazoifunga lenzi kwenye Zenit, zimekerezwa zikaisha. Mahali pake kabandika kwa gundi ya chuma maunti, yaani kifungio, cha kamera za Canon. Vibati vinane vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga vimetolewa, ndani kumewekwa kiplastiki chenye tundu la yai ili taa za nyuma zitokee zimerefuka kama kwenye sinema. Na ile pete ya mbele yenye jina na namba imepakwa rangi nyeusi, eti maandishi meupe yanarudisha mwanga kwenye kioo. Namba ya mwaka 80 haionekani tena. Halafu akaniomba elfu arobaini zaidi, ya "kuiboresha".

Sasa nisikilizeni, maana kuna watu humu wameshaanza kuniambia Helios ziko mamilioni na mzee anunue nyingine. Kweli ziko nyingi, ni kati ya lenzi zilizotengenezwa kwa wingi mno duniani. Lakini hii ndiyo iliyokuwa uwanjani siku ile, na hiyo haiuzwi popote.

Na hata tukiacha mambo ya mzee, kazi yenyewe ni ya kijinga. Lenzi za hesi za milimita 42 zinatakiwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kamera za Canon zenye maunti ya EF zinataka 44. Tofauti ni milimita 1.46, na hiyo ndiyo nafasi ya adapta. Ni pete nyembamba ya chuma: unaizungushia lenzi, unafunga kwenye Canon, ukimaliza unaitoa na lenzi inarudi kwenye Zenit kama ilivyotoka kiwandani. Kwa kamera za siku hizi zisizo na kioo cha kuakisi ndani, nafasi ya adapta ni kubwa zaidi, maana Sony inataka milimita 18 tu. Anayetumia Nikon ya zamani yenye 46.5 naelewa anavyohangaika, kwake adapta ya kawaida inaifanya lenzi isione mbali. Lakini Canon! Huyu bwana kaharibu hesi za chuma za zaidi ya miaka arobaini kufanya kazi ya kipete cha kununua dukani. Na hakupima. Gundi yake imeinua maunti, kwa hiyo lenzi sasa inaona vizuri hadi mita chache, zaidi ya hapo ni ukungu. Lenzi iliyompiga Bayi kutoka juu ya jukwaa leo haioni ng'ambo ya barabara.

Sipingi watu kubadili lenzi. Geuza kioo cha mbele upate yale mandhari yanayozunguka nyuma ya mtu, ukichoka unakirudisha. Mtu wa video anayetaka kufungua mwanga taratibu bila mlio, Helios 44-2 tayari ina pete ya pili inayoteleza, hakuna cha kukata. Hata Nikon wenyewe, walipoleta mwaka 1977 mfumo wao wa AI, wa lenzi kuijulisha kamera tundu la mwanga limewekwa wapi, walikuwa wanabadilisha pete nzima ya tundu hilo kwenye lenzi za zamani kwa pete mpya ya kiwandani, ile ya kwanza inabaki salama. Kuna waliopiga tupa pete zilezile nyumbani kwao, na lenzi zao mpaka leo ukizishika unaona mikwaruzo. Lenzi yako, ibadilishe. Ya mwenzio ni ya mwenzio, na kinachokatwa hakirudi.

Nilimpelekea mzee kwa sababu sikujua nimfiche vipi. Akaitoa Zenit, akajaribu kuifunga lenzi kama alivyozoea. Akazungusha, ikazunguka bure. Akaiangalia nyuma, akaiangalia mbele palipopakwa rangi, akairudisha mfukoni akafunga vifungo. Hajaniuliza chochote mpaka leo, na mimi siwezi kumwangalia usoni.

Fundi, najua unasoma humu. Elfu sitini kaa nazo. Nataka vibati vyangu vinane na vipande vyovyote ulivyovitoa, hata kama viko kwenye kopo la takataka, kavitafute. Rangi usiiguse, nitaitoa mwenyewe.

Na wadau wengine: mwenye Helios 44-2 ambayo vioo vyake vimeshakufa kabisa, vimepasuka au vimeliwa na fangasi, lakini mwili wa nyuma na hesi zake ni wazima, aniandikie inboksi. Yenye vioo vizuri sitaki, hata ukinipa bure. Sitaifungua lenzi nzima ya mtu kuponya yangu.