Maikoraiza kwenye mizabibu michanga Dodoma: inawekwaje, na mbolea ya DAP vipi?

mzabibu_hombolo
Wakuu, habari za kazi. Naandaa shamba la zabibu Hombolo, aina ya Makutupora Red. Miaka hii mvua zinachelewa, na zikianza zinakatika katikati ya msimu, miche michanga inanyauka. Nasikia kuvu wa maikoraiza wanausaidia mzizi kufuata maji. Je, ni lazima ninunue ya paketi? Inawekwa wapi? Na desturi ya kutia DAP shimoni niendelee nayo?

bwana_udongo
DAP shimoni acha, ndugu yangu. Mzabibu una vinyweleo vichache vya mizizi, kwa hiyo unawategemea sana kuvu hawa. Nyuzi zao hupenya kwenye vitundu vya udongo ambamo mzizi hauingii, zikaleta fosforasi, zinki na maji kidogo; mzabibu unawalipa kwa sukari. DAP ina 46% ya fosfeti. Mmea ukishashiba fosforasi huwafungia mlango, na hela ya kuvu imepotea. Samadi ya kuku nayo ina fosforasi nyingi, isizidi. Tia debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, uichanganye na udongo wa juu. Pima udongo kwanza. Fosforasi ikiwa chini kweli, weka mbolea kidogo pembeni, mbali na mizizi. Mbolea ya Minjingu (mawe ya fosfeti yaliyosagwa) huyeyuka polepole, ila inataka udongo wenye tindikali. pH ikipita 7, yaani udongo hauna tindikali, usiitegemee.

Kuvu lazima waguse mzizi. Ukiwamwaga juu ya udongo jua linawaua. Mahali pazuri ni kitaluni: weka kuvu kiasi cha kijiko kimoja cha mezani ndani ya kiriba, chini kidogo ya kitako cha pingili (kipande cha mzabibu unachopanda), ili mizizi ikichipua ipite humo.

mama_kitalu
Paketi si lazima, wanazalishwa nyumbani. Chukua udongo na vijizizi vya sentimita 5 hadi 20 kwenda chini, chini ya nyasi na vichaka vya pembezoni mwa shamba ambako hapajalimwa. Usichukue kwenye shamba kuukuu la zabibu kabla ya kukagua mizizi: ukiona nundu, hapo pana minyoo fundo, utaipeleka kwenye kila kiriba.

Changanya sehemu moja ya udongo huo na sehemu nne za mchanga uliooshwa na kuchemshwa. Panda mtama na kunde kwenye ndoo zilizotobolewa, bila mbolea ya fosforasi. Mwagilia miezi mitatu hadi minne, kisha kata maji wiki mbili. Ukame huo ndio unaowafanya kuvu watoe mbegu zao. Kata majani, katakata mizizi vipande vya sentimita moja, uichanganye na mchanga wake. Kausha kivulini, si juani. Kwa mche uliokwisha kuota mizizi, tia konzi moja ya mchanganyiko huo shimoni, mizizi ikae juu yake.

mzabibu_hombolo
Asante sana, mama. Katikati ya mistari nilipanga mchicha. Kuna tatizo?

bwana_udongo
Lipo. Kabichi na sukuma wiki hazipokei kuvu hawa, na mchicha huwapokea kidogo sana au hauwapokei. Panda kunde au choroko, na ukishavuna acha mabua yafunike ardhi. Usipige jembe kwa kina kati ya mistari, kila ukigeuza udongo unakata mtandao wao. Mrututu (dawa yenye shaba) wa kuzuia ukungu nyunyiza majani tu, kwa kipimo, kwa sababu shaba haiozi, inajikusanya udongoni.

Wauzaji pia hudhani maikoraiza na Trikodama ni kitu kimoja. Trikodama ni kuvu nyingine, kazi yake ni kupambana na vimelea, haileti maji.

mama_kitalu
Kuhakikisha wameingia: chukua vijizizi vyembamba, chemsha kwenye potasi haidroksaidi ya 10% hadi viwe vyeupe, suuza, kisha chemsha dakika tatu kwenye siki nyeupe yenye 5% ya wino wa kalamu. Vaa glavu, potasi hiyo inaunguza. Suuza tena kwa maji yenye matone ya siki, weka chini ya hadubini. Nyuzi za buluu ndani ya mzizi ndizo kuvu. Hata hivyo mche wa mwaka wa kwanza usiuache bila maji; kuvu wanachota yaliyomo udongoni, na yakiisha hata wao hawana pa kuyatoa.