Jiokashi na watoto wadogo: mnachaguaje sanduku?

MamaWawili: Habari zenu, wana-Minneapolis. Jumamosi niliwapeleka wanangu, miaka 4 na 6, karibu na maporomoko ya Minnehaha kucheza jiokashi, ule mchezo wa kusaka kwa GPS ya simu masanduku yaliyofichwa na wachezaji wengine. Simu ikasema tumefika. Tukazunguka mti mmoja nusu saa. Kumbe ni kikopo cha filamu, ndani kijikaratasi cha kusaini tu! Mdogo akaangua kilio: "Hazina iko wapi?"

BabaZuhura: Pole dada. Kabla hujatoka, tazama ukubwa wa sanduku. Maikro, yaani kasha dogo kama hicho kikopo, haina zawadi. Tafuta sanduku la kawaida, ugumu wa kulipata 1 na ugumu wa njia 1 (1 ni rahisi kabisa, vipimo hufika 5). Sisi hubeba gololi: ukichukua kitu, unaacha cha thamani ileile. Na kalamu usisahau.

Shangazi_StPaul: Simu nayo hukosea mita kadhaa, chini ya miti ndiyo balaa. Ikibaki mita 10 itie mfukoni, waachie watoto. Wangu huliona kabla yangu, wao wako karibu na ardhi ati. Mkirudi kagueni soksi, kupe wa huku si mchezo.

MamaWawili: Kalamu ndiyo niliyosahau, nikasaini kwa wanja! Asanteni. Jumapili tunarudi na gololi.