Tupeane uzoefu: panya wa nje ya mabanda na maghala huku Tanga

Mkulima_Muheza
Wakuu, mahindi yakishaingia ghalani panya nao wanahamia. Uzi huu ni wa nje ya jengo tu: uwanja, msingi, ukuta na paa. Naanza. Kabla hujanunua chochote, jioni ziba kila shimo kwa udongo na ukanyage. Asubuhi yaliyofukuliwa ndiyo yenye wenyewe, mengine ni mahame. Utajua pa kuweka nguvu.

BatiGeji28
Halafu fyeka majani mita mbili kuzunguka jengo, matofali na kuni ziondoke ukutani. Chimba mfereji kandokando ya msingi, upana sm 60, kina sm 15, ujaze kokoto za kuanzia inchi moja. Shimo kwenye kokoto linajiporomokea.

Kwa mchanga wetu wa pwani ongeza waya mesh yenye matundu ya robo inchi: ishuke sm 30 ardhini, kisha ikunje kwenda nje sm 30 kama herufi L. Panya anachimba akiwa amegandana na ukuta. Akifika kwenye wavu anakwama hapo. Wavu wa kuku msiupotezee pesa, kipanya anapita tundu la milimita 6.

MamaMayai
Naunga mkono. Ila mnaziba chini wakati kuti la mnazi limelalia paa?

BatiGeji28
Kweli, dada. Kata yote yaliyo ndani ya mita moja na nusu kutoka paani. Mnazi wenyewe uvishe bati laini la upana sm 40, mita mbili juu ya ardhi. Minazi miwili ikigusana kileleni, ivishe yote miwili.

Pangani_Shamba
Gharama zote hizo za nini? Sumu ya zinki fosfaidi kwenye dagaa, usiku mmoja umemaliza.

Mkulima_Muheza
Mkuu, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ile sumu inatoa gesi tumboni haraka. Panya akionja kidogo tu anaumwa, anapona, na hagusi tena chambo hicho. Lazima siku tatu nne za mwanzo uweke chambo kitupu mpaka wazoee. Haina dawa ya kuizima, na kuku akidonoa umempoteza. Iwe ndani ya kisanduku kilichofungwa, chenye tundu la panya tu. Vile vipakiti visivyo na lebo vya mnadani viacheni kabisa. Ulizieni sumu iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Pangani_Shamba
Basi zile za kuzuia damu kuganda. Wanakufa taratibu, hawashtuki.

MamaMayai
Siku tatu hadi saba, na muda wote huo anazurura. Paka au bundi akimla, naye anadhurika. Bundi mnamfukuza eti mkosi, na ndiye anayewinda panya usiku kucha bila malipo!

Pangani_Shamba
Bundi kwangu hapana. Tusilazimishane.

Shambalai_Juu
Mnabishana sumu, hakuna aliyetaja viroboto. Wilaya ya Lushoto tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, ilianza 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Panya akishapoa, viroboto wanamhama na kutafuta mwili wenye joto, yaani wewe na watoto. Kwa hiyo dawa ya unga ya viroboto inatangulia, mdomoni mwa mashimo na kwenye njia zao, ndipo mtege. Mzoga usiushike kwa mkono: geuza mfuko wa plastiki uwe glavu, funga, fukia kina cha nusu mita, mbali na kisima.

Mkiona panya wanakufa ovyo na hakuna aliyeweka sumu, msiguse, toeni taarifa zahanati siku hiyohiyo. Homa kali na mtoki uliovimba kinenani au kwapani si wa kusubiri. Dawa ipo na inaponya ikiwahi.

MamaMayai
Ahsante sana. Hili liwekwe juu ya uzi.

Mkulima_Muheza
Nitaliweka. Kwa watakaotumia mitego ya kubana: ilale chini ikiuelekea ukuta kama herufi T, upande wa chambo ugusane nao, kwa sababu panya anapita akipapasa ukuta kwa sharubu. Kipanya, kila mita mbili. Panya mkubwa, mita tano, na mtego ukae siku chache bila kutegwa kwa kuwa anaogopa kitu kigeni. Nazi iliyochomwa inavuta vizuri. Ifunge kwa uzi asiinyakue. Pumba zilizomwagika mlangoni zifagiliwe kabla ya magharibi, la sivyo hana haja ya chambo chako.